Mchanga Mweupe wa Oltepesi

Kitengela, Oktoba 1997

Nyakio wangu,

Kabla hujasoma zaidi, chukua blanketi, toka kwa hema, upande juu kwenye nyumba ya wenyeji wako. Nakungoja.

Sasa soma. Barua yako nimeisomea soko zima. Wakiniuliza ni kazi gani hiyo ya kujitolea isiyo na mshahara, nawaambia, "Msichana wangu anakuza nyanya jangwani bila dawa hata tone. Wenu wanakuza nini?"

Leo nimemsomea Fosiya wa maziwa. Nilipofika pale unasema wenyeji wako, Mzee Khalif na Mama Asho, wameenda harusi, nawe umehamishia hema kwenye mchanga mweupe ulale karibu na miche, nikajisifu, "Ona akili! Amechagua mahali laini."

Fosiya akaweka mtungi chini. "Mama Nyakio, hapo ni mto."

"Mto gani hauna maji?"

"Maji yake yako njiani."

Mwanangu, kwetu Murang'a mto unausikia ukiwa kitandani. Ningejuaje kuna mto unaolala kimya kama barabara? Na tangu asubuhi vilima vya Ngong vimefunikwa na mawingu meusi. Fosiya anasema maji ya mvua ya Ngong hushuka na mto huo hadi huko kwenu hata jua likiwaka.

Barua hii nampa dereva wa lori anayepitia Oltepesi, nimemwambia asisimame hata kwa chai. Usinicheke mwandiko, dereva anapiga honi.

Miche iache. Nyanya hupandwa tena. Nyakio nilipanda mmoja.

Mama yako anayejivunia wewe,
Mwihaki