Ufunguo wa Pili wa Sanduku la Zabuni

Nyumba Na. 14,
Nyuma ya gereji ya matrekta.
Jumapili, tarehe 24, asubuhi.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa na mguu umeunyoosha, kama daktari alivyokuagiza. Goti linaendeleaje? Zile hatua mia za asubuhi unazitembea, au unamwambia tu nesi kwamba umezitembea? Sisi huku ni wazima. Mama anakohoa kidogo, lakini anagombana na majirani vizuri, kwa hiyo sina wasiwasi naye.

Uliponipigia Alhamisi nilikuwa ofisini na watu wamenitegea masikio. Ndiyo maana nilijibu "ndiyo Mjomba, ndiyo Mjomba." Sikuwa nimekubali. Nakuandikia nikujibu sawasawa.

Ulisema sheria mpya ya ununuzi wa umma inaanza tarehe mosi, kwa hiyo nimsaidie mwanao Randa apate zabuni ya madawati ya shule kabla mlango haujafungwa. Ulisema huyo ni kaka yangu, si mtu baki. Ni kweli, tumekula sahani moja tangu utoto. Lakini jibu langu ni hapana. Nitakueleza mambo yalivyokwenda, usije ukaletewa yakiwa yamepikwa.

Kuanzia tarehe mosi zabuni zote zitapita kwenye mfumo wa kompyuta. Bahasha hazitakuwapo tena, na kila mjumbe wa kamati atatakiwa kuandika kama ana ndugu kati ya wazabuni, na mzabuni kama ana ndugu ofisini. Tumefundishwa wiki tatu nzima. Wengi wetu tumetoka na somo moja: kukimbiza kila kitu kipite kabla ya tarehe hiyo.

Zabuni ya madawati tuliitangaza gazetini kwamba itafunguliwa tarehe sita mwezi ujao. Mkuu wangu wa kitengo ameamua ifunguliwe Jumatano hii, chini ya sheria ya zamani. Wazabuni wengine hawajaambiwa. Randa ameambiwa. Bahasha yake imo sandukuni, peke yake.

Wewe umekuwa mtunza stoo miaka mingi, sanduku la namna hiyo unalijua: la chuma, tundu moja juu, kufuli mbili. Ufunguo wa kwanza anao mkuu. Wa pili nilikuwa nao mimi.

Ijumaa asubuhi mkuu aliniletea muhtasari wa kikao cha kufungua zabuni ili nisaini. Kikao chenyewe ni Jumatano. Usishangae, ofisini kwetu muhtasari huandikwa kabla ya kikao. Mchapaji huchukua wa mwaka jana, akabadilisha tarehe, basi. Nikausoma taratibu mpaka orodha ya waliohudhuria.

"Bosi, huyu mjumbe wa tatu ni nani?"

"Mtunza stoo wetu. Kwani humjui?"

"Namjua. Tulimzika mwezi wa pili."

Mchapaji, aliyekuwa meza ya jirani, akaziba mdomo kwa mkono. "Jamani! Nilisahau kumtoa."

"Imeandikwa kwamba hakuwa na swali," nikasema. "Hapo tu ndipo mlipoandika ukweli."

Mkuu hakucheka. Akaniambia, "Dada, usinipotezee muda. Saini, uniachie na ufunguo. Hata mjomba wako si ameshazungumza na wewe?"

Hapo ndipo nilipojua simu yako ilitokea wapi. Mjomba, mtu huyo hakukutafuta kukujulia hali. Alihitaji mkono wangu, akaona njia fupi ni kupitia kwako. Hilo limeniudhi kuliko mengine yote.

Nilifungua daftari la kamati mbele yake nikaandika: "Mzabuni huyu ni mtoto wa mjomba wangu. Najitoa." Nikasaini na kuweka saa: nne na dakika arobaini. Sheria mpya haijanilazimisha bado, lakini sikuona sababu ya kuisubiri. Kisha nikapanda ngazi hadi kwa mkaguzi wa ndani, nikamkabidhi ufunguo na ule muhtasari wenye marehemu. Akaupokea ufunguo kwa saini. Muhtasari aliusoma mara mbili, akavua miwani.

Mchana ule ule aliandika agizo. Sanduku halifunguliwi Jumatano. Bahasha ya Randa itarudishwa kwake kama ilivyo, na wote wataomba upya kwenye mfumo. Mkuu naye ameniambia nijiandae kuhamishwa. Nimeshajiandaa. Kikombe changu na kalenda yangu vinaenea kwenye mfuko mmoja.

Usiniambie nimewasaliti. Nilipokuwa darasa la tano ulinisimamisha stoo kwako nikahesabu blanketi mara mbili kabla hujakubali kusaini, na mwenye lori akipiga honi nje. Ulimwambia apige mpaka betri iishe. Nami nimefanya vilevile.

Jana kulikuwa na semina ya wazabuni ukumbini. Randa alikuja, hakunisalimia, akaketi mstari wa nyuma kabisa. Mwalimu alipoomba maswali, akasimama.

"Mwenye dada mkorofi ndani ya ofisi anaandika wapi?"

Ukumbi mzima ukacheka. Mwalimu akamwonyesha mahali pa kujaza kwenye fomu, naye akajaza. Nje akanipita, akarudi hatua mbili. "Dawati langu litashinda bila wewe."

"Ndivyo ninavyotaka," nikamjibu.

Nimelikalia dawati lake la mfano, Mjomba. Halitikisiki na viungo vyake havina hata msumari. Fundi wa namna hiyo hahitaji kuingizwa kwa mlango wa nyuma, na wewe baba yake ulipaswa kuwa wa kwanza kumwambia.

Nisalimie Shangazi, umwambie kitambaa chake kimefika. Nisalimie mapacha, na yule shemeji anayependa kubishana. Mwambie safari hii nina hoja. Mama anakusalimu, anasema uache sukari. Mungu akupe nafuu na umri mrefu, uendelee kunigombeza.

Ufunguo hauko kwangu tena. Yule bwana akikupigia, mwambie hivyo hivyo, kisha ukate simu utembee hatua zako mia.

Mimi mpwa wako, nikupendaye leo kama jana, hata katika hili nililokukatalia,

Binti wa Stoo