Chumvi Katika Sanduku la Chatu

Baba Salma,

Neno "mpendwa" nimeliacha kwa makusudi. Nimefundisha uandishi wa barua sehemu kubwa ya maisha yangu, na kila mwaka niliwaonya wanafunzi wasianze barua kwa neno wasilolikusudia. Sikuulizi hali pia, kwa sababu Salma amekwisha kunieleza: miguu imekuvimba, na unashinda barazani kwako Mikindani ukipokea wageni. Ameniletea na ombi lako. Nitalijibu, lakini si sasa. Kwanza utakumbuka pamoja nami, na watu wa mtaa wetu wa Magomeni watakumbuka pia, maana barua hii sikuifunga. Nimempa Salma aisome popote atakapotakiwa kuisoma.

Utakumbuka masika yale Ruvuma ilipofurika na maji yakaingia katika mikorosho ya baba yako. Ulikwenda kumsaidia, ukarudi na gunia begani. Ulilifungua katikati ya sebule. Ndani yake alikuwamo chatu mchanga, hakuzidi mkono wa Salma kwa urefu, amejiviringisha kama mkufu. Mimi nilipanda juu ya kiti.

"Mwalimu, shuka," uliniambia. "Wanafunzi wako wakikuona watapanda na wao."

Nilicheka. Watu waliniona mwanamke mkavu, na sikuwa na haraka ya kuwasahihisha, lakini siku ile nilicheka mpaka nikashika meza. Jambo hilo sitakunyang'anya.

Utakumbuka na sanduku la vioo. Mwenye duka mmoja wa Kihindi kule Mikindani alikuwa akifunga biashara, akakupa kabati lake la kuwekea halua. Mlilileta wewe na msukuma mkokoteni, wewe ukilishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mtoto wa mfalme. Ulitoboa juu yake, ukaweka wavu. Kwa muda mrefu sebule yetu ilinukia iliki. Salma akampa chatu jina la Mwalimu Mkuu, kwa sababu, alisema, analala siku nzima lakini haachi kukutazama. Nilimkemea mbele yako, kisha nikalitumia jina hilo mimi mwenyewe.

Nayaandika hayo ili usiseme nimesahau mazuri. Sikuyasahau. Ndiyo yanayonifanya niukumbuke ubaya kwa usahihi.

Kazi yako ilikuwa kupima korosho ghalani. Ulizitikisa kiganjani karibu na sikio, ukasema hizi zimekauka, hizi bado, wala hukukosea. Uliheshimiwa kwa sikio lile. Basi ukamtunza chatu kama unavyotunza korosho. Ulimtandikia mchanga mkavu. Ulimwashia taa juu ya wavu mchana na usiku. Umeme ulipokatika, ulilisogeza sanduku dirishani lipigwe na jua la alasiri. Hukufikiri kwamba kiumbe aliyetoka katika matope ya mto anahitaji kitu kingine.

Wakati wake wa kujivua gamba ulipofika, macho yake yalifunga ukungu kama yametiwa maziwa. Gamba halikutoka. Lilibanduka vipande vipande, likabaki machoni, na mkiani likambana kama uzi. Nililowesha makumbi ya nazi, nikayatia katika chungu kilichovunjika mdomo, nikamwekea apate kujificha ndani.

"Toa hayo makumbi," ulisema. "Yataoza na yeye ataoza."

"Gamba limemng'ang'ania, Baba Salma. Anataka unyevu."

"Mimi nimekaa na magunia tangu sijaota ndevu. Adui ni unyevu. Wewe kafundishe ngeli zako."

"Korosho imekwisha chumwa, ndiyo maana inataka kukauka. Huyu yu hai."

Ulicheka, ukamwita Mama Hadija, jirani yetu, aje asikie mkeo anavyobishana na mpimaji. Kila nilipolowesha makumbi, wewe uliyaanika. Mwisho ulijaribu kulibandua gamba kwa kucha, ukamchana ngozi. Chatu akaacha kula.

Hapo ndipo ulipokwenda Mikindani kwa mke mpya. Talaka ulinipa kwa maneno mlangoni, huku nguo zako zikiwa tayari mkokotenini. Salma alikuuliza, "Baba, na Mwalimu Mkuu?" Ukamjibu bila kugeuka: "Mtupeni. Nyumba hii haimfai hata nyoka."

Sentensi hiyo haina kosa la sarufi. Niliitafutia kosa, sikuliona. Nikaamua kwamba nitaifanya iwe ya uongo.

Sasa nitaeleza nilivyofanya, hatua kwa hatua, ili kila asomaye ajue. Nilimloweka chatu katika beseni la maji ya uvuguvugu, nikamfunika kitambaa kilicholowa, mpaka gamba likalainika na kutoka lenyewe. Sanduku nililiondoa dirishani. Taa nikaisogeza upande mmoja tu, ili upande huo uwe wa moto na wa pili uwe wa baridi, naye achague mwenyewe. Umeme ulipokatika nilijaza maji ya moto katika chupa, nikaizungushia kitenge. Chungu cha makumbi nilikiweka katikati. Upepo wa kusi ulipokausha hewa, nilifunika nusu ya wavu kwa kitambaa chekundu kilicholowa; masika ilipoingia nilikiondoa, ukungu usije ukaota.

Kipimajoto sikuwa nacho. Nilikuwa na kichupa cha mafuta ya nazi. Kila mtu wa pwani anajua kwamba mafuta ya nazi huganda siku za baridi. Nilikifunga kizibo, nikakiweka upande wa baridi: mafuta yakiganda, najua chatu anaonewa na baridi, naongeza moto. Kwa unyevu nilitumia chumvi ya mawe, ile inayovunwa kwenye mabwawa ya huku kwetu. Nilitia kidogo katika kisahani, nikakining'iniza juu, chini ya wavu, asikifikie. Chumvi ikilia kavu kidoleni, hewa ni kavu mno. Ikigeuka maji, hewa imezidi unyevu. Ikiwa na umajimaji kidogo tu, mambo ni sawa. Basi. Hakuna la zaidi.

Mwalimu Mkuu alianza kula. Aliponivulia gamba zima kwa mara ya kwanza, kuanzia mdomoni hadi ncha ya mkia, Salma alilinyanyua juu ya kichwa akazunguka nalo ua mzima. Wanafunzi wangu wakaja kumtazama chatu, wakaja na wazazi wao. Habari ikakufikia Mikindani.

Nawe ukaja. Hukupita mlango wa mbele. Ulipita uani, nikiwa nachekecha unga wa muhogo, ukasimama umeshika kofia. Ulikuwa umepata chatu wa pili, umewaahidi wakweo kwamba utamwonyesha uwanjani siku ya Nanenane, na gamba lake lilikuwa limekwama.

"Mama Salma, nifundishe," ulisema. "Umeshinda. Nifundishe tu."

Nilikuketisha sebuleni nikakufundisha. Nilikupa kisahani mkononi, ukaigusa chumvi. Nilikuonyesha mafuta. Nilikutaka urudie, kama ninavyomtaka mwanafunzi, nawe ukarudia bila kukosea: mafuta ni ya baridi, chumvi ni ya unyevu, kitambaa ni cha kusi. Ulikunywa chai yangu. Ulimbusu Salma kichwani.

Kisha ukarudi Mikindani, ukamtandikia chatu wako mchanga mkavu, kwa sababu mbele ya wakweo hukuweza kufuata maneno ya mke uliyemwacha. Alikufa kabla ya Nanenane. Nao walipokuuliza kwa nini wa Mama Salma anaishi, ukawajibu: "Yule halei nyoka. Yule anafuga kitu. Nendeni mkaone: chumvi, mafuta, kitambaa chekundu, chungu. Nimeviona kwa macho yangu."

Hukuhitaji kusema zaidi, na ulilijua hilo. Mwanamke aliyeachwa, mkali, anaishi na chatu. Ulibakiza neno moja tu, ukawaachia wengine walitamke.

Mjumbe wetu wa nyumba kumi alikuja na majirani. Hakuwa mtu mbaya. "Mwalimu, sisi hatuna ugomvi na wewe," alisema. "Ila hiyo chumvi inatutia hofu."

Nilieleza kama nilivyoeleza hapa. Mama Hadija akanikatiza: "Chumvi ya watu hukaa jikoni. Ya kwake hukaa kwa joka. Anampikia nini?" Watu wakacheka, na nilijua kicheko kile si cha amani. Nikamwomba mjumbe akuite wewe, shahidi uliyeketi sebuleni ukaigusa chumvi ile.

Uliitwa, ukaja. Ulisimama palepale uani ulipokuwa umeshika kofia. Sikukuomba unitetee. Nilikuomba jibu la swali moja.

"Baba Salma, waambie chumvi ni ya nini."

Ulimtazama mjumbe, ukatazama chini. Salma alikuwa mlangoni, anakutazama. Ukasema: "Mimi mambo hayo siyajui."

Nimesahau majina ya wanafunzi wengi. Maneno yale manne sikuyasahau.

Mjumbe aliamuru chatu aondoke kabla watu hawajamwondoa kwa mawe. Mimi na Salma tulimpeleka katika gunia mpaka karibu na mlango wa mto Ruvuma, kwenye matete, mbali na watu. Alitoka taratibu. Shingo yake ilikuwa inang'aa, haikuwa na kovu lolote la gamba lililokwama. Salma alilia njia nzima ya kurudi. Mimi sikulia, na jambo hilo pia lilihesabiwa kuwa ushahidi.

Unajua yaliyofuata? Hukuyaona, basi nitakwambia. Wazazi waliwaondoa watoto wao katika masomo ya jioni niliyofundisha nyumbani. Bombani, nilipofika, wanawake walinipisha nichote kwanza, si kwa heshima. Jirani aliyekuwa akiazima chumvi kwangu alianza kuitafuta hadi mtaa wa Rahaleo. Salma alipochumbiwa, watu walikwenda kwa wakwe zake kuwauliza kama wanajua mama yake ni nani. Aliolewa, namshukuru Mwenyezi Mungu, kwa sababu mwanamume yule alikuwa mmoja wa wanafunzi wangu waliowahi kukigusa kile kisahani.

Nasikia sasa unawasimulia wageni wako barazani kwamba wewe ndiwe uliyemlea chatu mkubwa wa Magomeni, siku hizo ambapo watu hawakujua kulea nyoka. Unawaeleza joto na unyevu. Salma amekusikia, ukitumia maneno niliyokufundisha, kwa mpangilio uleule. Kumbe uliyajua. Na ndiyo maana umemtuma kwangu: unalitaka gamba lake la mwisho, lile zima nililolitundika sebuleni, uliweke ukutani kwako wageni waamini. Umemwambia aniambie kwamba yaliyopita yamepita, na kwamba wewe ni mgonjwa.

Hili ndilo jibu. Gamba hulipati. Msamaha nao huupati kwa kuugua; sijakusamehe, wala sitajisingizia kwamba nimekusamehe ili nionekane mtu mwema. Siku ile ulitakiwa kusema sentensi moja fupi mbele ya watu wachache. Hukuisema. Leo utatakiwa kuisema mbele ya wengi.

Salma anakuletea pamoja na barua hii kisahani cha chumvi ya mawe, kichupa cha mafuta ya nazi, na kitambaa chekundu. Ni vilevile. Nimemwagiza avipange juu ya meza barazani kwako, mahali ambapo kila anayeingia lazima avione, na nimemwagiza asiondoke mpaka mgeni wa kwanza afike. Wewe ni mzee, mgonjwa, unalala na chumvi na mafuta na kitambaa chekundu. Mikindani wataanza kuuliza.

Mgeni akikuuliza chumvi ni ya nini, mwambie. Salma atakuwa mlangoni, anakutazama.

Mimi niliyekuwa mkeo,
Mama Salma