Lengalenga ya Maji ya Udhu

Nyiraneza dada, acha samaki kidogo, soma hii. Mukwe wetu mupya, baba ya muchumba wa mujukuu wangu Zaituni, ametema chakula yangu mbele ya watu!

Unajua yale makopo ya mafuta nilitoa kwa duka ya Mugiriki. Wajukuu wamepanda ndani lengalenga, ile muchicha yetu, na kila mutu akitawadha, wanamusogezea kopo chini ya miguu, maji isipotee. Leo adhuhuri wakamusogezea na yeye. Akacheka, akawashika vichwa, akawabariki!

Bon, tukakaa kula. Alikuwa anaongeza mboga, dada. Anaongeza! Ndipo Hamida kadogo akamuambia: "Babu, hii mboga imetoka mu kopo ile umenywesha maji ya miguu yako."

Akatema. "Munanilisha miguu yangu?"

Na Muhamadi, mutoto wa tumbo langu, ananipigia kelele: "Mama, haya makopo yatoke leo!"

Nikamujibu polepole: "Yatatoka pamoja na mimi. Mboga ya sokoni inalishwa mavi ya ng'ombe, unakula, unalamba vidole. Maji ya sala ndiyo inakuchukiza?"

Mukwe akamaliza wali mutupu.

Ngoja, sijamaliza. Sasa hivi alasiri, Muhamadi ametoka na birika kutawadha. Hamida akamusogezea kopo, bila kuogopa. Mi nimesimama mulangoni, mikono kiunoni. Akaniangalia. Akaangalia mutoto.

Akaweka muguu juu ya kopo, akamimina maji.