Springi za Mtu wa Kiti cha Pembeni

Neema ametoka kubusu taa ya gari sasa hivi. Kashuka kwenye kiti chake, kazunguka mbele, kaibusu taa ya kushoto, halafu kajifuta mdomo kwa mkono wa sweta na kusema "Yucky." Nimecheka peke yangu. Nimemrudisha ndani, nimemfuta, sasa yuko nyuma anamgombeza mdoli wake kwa Kiingereza.

Leo Jumamosi, mchana. Hounslow kuna yale manyunyu yasiyolowesha na yasiyokatika. Nimekaa kwenye usukani, gari limezimwa, liko mbele ya nyumba tunayoishi. Naandikia kwenye simu.

Hatuendi popote. Hapa ndipo sebuleni kwetu.

Baba Neema anapakia mizigo uwanja wa ndege, shifti ya usiku. Anarudi asubuhi akiwa hoi, na tunapoishi ni chumba kimoja. Mtoto wa miaka mitatu hajui kunong'ona. Kwa hiyo yeye akilala, sisi tunatoka. Maktaba, sokoni, kwenye bembea. Mvua ikizidi tunakuja kwenye gari.

Mwaka wa pili sasa tunapishana mlangoni kama walinzi wa zamu. Yuko juu hapo, ghorofa moja tu, dirisha lake naliona. Na nimemkumbuka.

Niseme na jambo ambalo sijamwambia mtu. Napenda kukimbiza gari. Sivunji sheria, mtoto yuko nyuma, nina akili zangu. Lakini ukitoka hapa kwenda vilima vya Surrey kuna barabara nyembamba zinazojipinda msituni, na asubuhi hazina watu. Ukiingia kwenye kona gari likainama kidogo, likatulia, likatoka limenyooka, mimi kifua kinafunguka. Neema anapiga kelele "Again!" Hizo ndizo dakika za wiki ambazo sijioni mgeni.

Lakini mwanzoni gari halikuwa hivyo, na kosa nililifanya mwenyewe. Shule niliishia kidato cha pili, lakini kabla sijaolewa niliuza spea Mwanjelwa, Mbeya, na mambo ya magari nilijiona nayajua. Kwetu gari likitoka bandarini tu, kitu cha kwanza linainuliwa. Springi ngumu, na juu yake spesa, vile vipande vya kuongeza kimo, lisije likalamba mawe. Basi tuliponunua hiki kigari, nikafanya hivyohivyo hapa London. Springi niliagiza ngumu kuliko zote. Spesa nikaweka. Shokapu nikaacha zilezile kuukuu.

Likawa linaruka kama mbuzi. Kwenye kona linalala, likikuta kiraka linarushwa pembeni.

Mwezi uliopita Baba Neema alipata siku ya kupumzika. Nikakaanga maandazi, nikamwambia twende vilimani, mara ya kwanza sisi watatu. Kona ya tatu akatapika. Nilisimama, akashuka, akanawa uso kwa maji ya chupa ya mtoto. Hakufoka. Angefoka ingekuwa afadhali. Alisema taratibu tu, "Mama Neema, hili ni gari lenu, wewe na mtoto. Mimi niacheni nilale."

Lenu.

Hilo neno nilirudi nalo hadi nyumbani.

Jumatatu yake nikalipeleka kwa Mzee Kirit, mwenye gereji ndogo mtaa wa nyuma. Mhindi wa Kisumu, aliondoka kijana, lakini Kiswahili chake hakijaondoka. Alipoliona alishika kiuno. "Mama, hii gari umefanya ngamia! Hapa Hounslow unavuka mto gani?"

Nikamwambia, "Mzee, hilo shimo la mbele ya gereji yako ni mto tosha."

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akabonyeza kona ya gari kwa uzito wake wote, akaachia. Likapanda, likashuka, likapanda, likashuka. "Unaona? Springi inabeba, shokapu inatuliza. Wewe umeleta kijana mwenye nguvu, halafu umemwajiri mzee kama mimi amshike."

Nikamwambia nimesoma mtandaoni, vijana wanasema weka springi fupi kabisa na ngumu kabisa, gari likae chini. Akatikisa kichwa. Barabara za vilimani zina viraka, akasema, na tairi likiwa hewani halishiki kitu, hata uwe dereva wa namna gani. Halafu akaniuliza swali ambalo hata sikulitegemea. Kiti cha pembeni anakaa nani?

Hakuna mtu, nikajibu.

Alifuta mikono kwa kitambaa, muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Basi tuchague kama yupo."

Spesa zikatoka. Springi tulizochukua ni ngumu kidogo tu kuliko za kiwandani, zimelishusha gari kidogo tu, na zimekuja na shokapu zake, zilizotengenezwa kwenda pamoja. Shokapu zina kitufe cha kuzungusha, unakaza au unalainisha. Mzee akasema anza laini, upande pole pole. Wiki hii yote nimekuwa nikipita barabara ileile asubuhi, naongeza mbofyo mmoja, yaani hatua moja ya kitufe, narudia. Kipimo changu ni Neema, maana yeye safari nzima anaimba. Mbofyo wa nne gari lilikata kona kama kisu, ila sauti ya mtoto ikawa inatetemeka kwenye viraka. Nikarudisha hadi wa tatu. Kona bado tamu, na wimbo umenyooka.

Leo usiku Baba Neema haendi kazini. Juzi nilimwomba ajaribu tena, mara moja tu, akasema "tutaona." Tutaona yake naijua. Saa nane imeshapita, pazia halijasogea.

Akikataa sitanuna. Sijui kama nitakuwa na nguvu ya kuomba mara ya tatu, hilo nalo ni kweli. Nitamwambia tu kwamba sikuwa natafuta mwendo. Nilitaka tukiwa kwenye ile kona ndefu nigeuke kushoto nimkute pale, yuko macho, hata kama kashika mlango kwa mikono miwili.

Mlango wa chini umefunguka. Ni yeye. Kavaa koti juu ya nguo za kulalia, na mkononi ana mfuko wa plastiki, wa kutapikia, anaupeperusha ili niuone vizuri. Neema anapiga dirisha, "Daddy! Daddy!" Baba yake anaita, "Mama Neema, fungua huku mbele, nalowa!" na mimi hata sijamaliza kuandi...