Babu Hakufika Basra

Sur, Omani

Mama yangu Bi Gulnari,

Shikamoo. Goti limepoa? Dada Mize aliniambia kwenye simu kuwa siku hizi unasali umekaa kitini, na tangu hapo sina raha. Mimi mzima, ila mgongo umechoka na jua la huku halina huruma. Haya nayaandika kwa sababu kwenye simu ningepiga kelele.

Natengeneza ua wa nyumba ya wageni. Mwenyewe, Sheikh Nassor, kazaliwa Unguja, Kiswahili chake kitamu kuliko changu. Juzi alikuja mgeni wake Mjerumani na jiwe la marumaru lenye majina ya mabaharia wa nyambizi ya vita vikuu, mmoja wao ami yake. Nikaambiwa nilijenge ukutani.

Nikawa nakoroga saruji, Mjerumani anasimulia, Sheikh anatafsiri. Nyambizi hiyo ilizunguka bahari ya huku ikiwinda meli za shehena: inapiga kombora, meli inazama, yenyewe inakwenda zake. Mwishowe ndege ya Waingereza ikaikuta juu ya maji, ikaitupia mabomu. Alisalimika mmoja tu, akaogelea mpaka pwani, wavuvi wakamnywesha maji. Mgeni akalia. Hata mimi nilimwonea huruma, mama.

Kisha akaitaja meli ya mwisho waliyoizamisha, ikielekea Basra. Gulnari.

Mwiko ukanitoka mkononi. Jina lako, mama! Bibi alikupa jina hilo kwa sababu ulizaliwa babu Makame yumo ndani ya meli hiyo, anatia makaa tanurini.

"Na waliokuwamo je?" nikauliza.

Sheikh akamwuliza mgeni. "Asema hawajui. Wapiga makaa tu."

"Wapiga makaa hawana mama?"

"Ah, Faki! Leo umeamkia pilipili? Vita vishapita hivyo. Yallah, tia jiwe, saruji yakauka."

"Na ikauke! Babu yangu alikuwamo."

Sheikh akamgeukia mgeni. Wakasemezana taratibu, mgeni akaninyooshea mkono. Sikuupokea. Mungu anisamehe, sikuweza.

Namkumbuka bibi akifukiza kanzu ya babu kwa udi kila sikukuu. Hakukaa eda, kwani hakuletewa habari. Hakuolewa, kwani hakuachwa. Na wenye meli walijua! Walijua haikufika, wasitume hata mtu wa kumwambia. Wewe ukakua ukiimbiwa kisimani, "Baba yake yuko Basra, alea wana wa Kiarabu." Basra gani? Alikuwa chini kule, mbele ya moto, maji yakamkuta kazini.

Nimemwambia Sheikh jiwe silijengi mpaka jina la babu liwemo. Kasema atafikiri. Haya, afikiri. Jiwe limeegemea ukuta, saruji imekuwa mwamba ndani ya karai.

Wewe usingoje jiwe. Itisha hitima, mama, mchana kweupe, na uwaalike wajukuu wa wale wa kisimani. Itoe kanzu sandukuni, mbele yao umpe imamu aivae. Isifukizwe tena.

Nisalimie dada Mize na mumewe mshona kofia, na ami Haji, muadhini wetu, umwambie aisome dua kwa sauti ifike barabarani.

Ni mimi mwanao Faki, mjukuu wa Makame, ambaye hakumkimbia mkewe.