Mumbere hayumo kitabuni

Ketura, umeamka?

Mjukuu wangu Ronah alikuwa ananisomea kitabu cha hadithi, Baluku anawatoroka askari milimani, vita vile vya utoto wetu. Akaacha kusoma.

"Bibi, mwandishi amekosea. Kwetu Baluku ni jina la mtoto wa kiume wa pili kuzaliwa. Mumbere, wa kwanza, yuko wapi?"

Akarudia: "Mumbere yuko wapi?"

Ni vile vile mama aliniuliza, siku tulipofika Bwera toka pango tulilojificha, bila mdogo wangu Mumbere. Nikamwambia anakuja nyuma na wengine. Wewe ulinisikia, ukanyamaza.

Leo nimemjibu mtoto ukweli: "Alikuwa amelala pangoni. Niliogopa atalia, askari wasikie. Sikumwamsha."

Ronah amechukua kalamu, ameandika Mumbere juu ya Baluku.

Kitabu ni cha shule, Ketura. Sikumkataza.