Chembe Nyeupe Zikishuka

Jumatatu, 7 Julai
Nimechemsha maji ya kunywa. Nimesukutua mdomo kwa maji ya chumvi. Nimepima joto, sina homa. Kisha nikakaa dirishani kumwona binti yangu Rukia akipelekwa shule. Wifi yangu Hawa anaishi ng'ambo ya ua, na mwanangu analala kwake tangu dozi iliyopita ya kemo. Ana miaka minne na makamasi. Daktari amesema makamasi hayo yasiingie humu mpaka chembe zangu nyeupe zipande. Dawa hiyo inaua saratani yangu ya damu, lakini inafagia pia chembe zinazopigana na magonjwa. Babu zetu Wanubi waliletwa Uganda kuwa askari, na mimi mjukuu wao sina askari hata wa kulinda koo. Nimecheka peke yangu. Halafu nikalia.

Jumatano, 9 Julai
Vidonda mdomoni. Wali umenishinda, uji umenishinda. Baba Rukia kapiga simu kutoka Juba alikopeleka lori, anauliza kama nimekula. Jamani, si chakula ninachokosa! Nataka kunusa kichwa cha mwanangu akitoka kuoga. Basi.

Ijumaa, 11 Julai
Wamekuja, wanawake wa mtaa. Mama mkwe hakuwazuia, na kusema kweli hakujaribu. Kwetu hapa Kyebando mgonjwa haachwi peke yake. Wanawake wanatandika mikeka, wanafukiza udi, na kila mmoja lazima akushike mkono akuombee. Nilimwambia jana kwamba daktari amekataza. Akanijibu, "Mwanangu, nikifunga mlango watasema nimekuzika ungali hai." Nilikuwa na kiu ya watu, mimi pia.

Walijaa mpaka barazani. Mmoja alikohoa ndani ya mtandio wake dua nzima. Na katikati ya magoti yote hayo akapenya Rukia, akanipanda mapajani. Nilipaswa kumwondoa. Thubutu! Nilimkumbatia mpaka akasema namminya.

Jumapili, 13 Julai
Baridi tangu alfajiri. Meno yanagongana. Homa imevuka pale nilipoambiwa nisingoje hata kidogo. Hawa akaita gari.

Tulipokuwa tunatoka Rukia akakimbilia mlangoni, na Hawa kwa hofu akamfokea, "Umeona? Umemgusa mama, sasa anaumwa!" Mtoto hakulia. Alificha mikono mgongoni. Nilimchukia Hawa njia nzima, na ni yeye aliyekuwa amenishika nisianguke.

Sasa niko wodini. Dripu mkono wa kushoto. Naandika vibaya.

Jumanne, 15 Julai
Homa haishuki. Naogopa kufa. Haya, nimeandika.

Alhamisi, 17 Julai
Imeshuka. Nesi kaja na kipimajoto, akasema, "Bambi, nyabo, pole mama, leo una sura ya mtu." Nimefurahi kama nimesifiwa harusini.

Nilimuuliza daktari ni nani aliyeniletea ugonjwa. Akasema huenda hakuna. Vijidudu vingi vya namna hii ni vya mtu mwenyewe, vinakaa mdomoni na tumboni kwa adabu zao. Chembe nyeupe zikiisha vinapata upenyo, vinaingia kwenye damu. Wale wageni ni hatari, hapo hakunificha, ila hawezi kusema ni wao. Wala kusema ni mtoto. Nikampigia Hawa papo hapo amweleze Rukia. Hawa akalia kwenye simu. Anasema ameshamwambia mara nyingi, na mtoto anaitikia tu, "Sawa."

Jumanne, 22 Julai
Nimerudi nyumbani. Kumbe dunia imegeuka! Mama mkwe amehamishia kiti chake getini na anarudisha watu, yeye mwenyewe. Wageni wanaacha bakuli, wanaosha mikono yao bure, wananisalimu kwa kupaza sauti kutoka barabarani. Mtaa mzima unajua nimelalaje na tumbo langu linaendeleaje. Mmoja kakasirika, kasema siku hizi tuna mambo ya Kizungu. Mama mkwe akamwambia akasalimie kwao. Nampenda huyu mama na sijawahi kumwambia.

Rukia hasogei. Anasimama mlangoni kwa Hawa. Nampungia, ananipungia, kisha mikono inarudi mgongoni. Inaniuma kuliko ile sindano ya mgongo waliyonidunga hospitalini.

Jumapili, 27 Julai
Nimemwota mtoto ambaye yuko hatua chache kutoka kitandani kwangu. Nimeamka na hasira. Nimemjibu mama mkwe vibaya juu ya chai. Akaniongezea sukari.

Alhamisi, 31 Julai
Majibu ya damu yametoka. Chembe nyeupe zimepanda! Daktari amesema kama Rukia hana mafua, aletwe. Dozi nyingine inakuja na zitashuka tena, kwa hiyo tusipoteze muda. Hawa amemkagua pua kama askari wa mpakani. Kavu.

Ijumaa, 1 Agosti
Hawa amemleta asubuhi, ameogeshwa, vidole vimekunjamana kwa sabuni. Nilikuwa nimekaa mkekani, nimefungua mikono. Akasimama mlangoni.

"Hutaumwa?"

"Sitaumwa, mama. Njoo."

Akaja polepole. Akakaa mkekani, mbali kidogo. Kisha akanigusa gotini kwa kidole kimoja, akakiondoa haraka, akaniangalia usoni. Sikumvuta. Nilitulia, nikamwacha angoje mpaka aridhike.